Kivinjari kimebadilika tena, na gharama ni zetu

Mwaka 2011 Mozilla, watengenezaji wa Firefox, kivinjari yaani programu ya kufungulia tovuti, walifanya jambo ambalo mafundi wa kompyuta maofisini hawajalisahau. Tarehe 22 Machi walitoa Firefox 4, toleo lililosubiriwa kwa zaidi ya mwaka. Tarehe 21 Juni wakatoa Firefox 5, na kuanzia hapo Firefox 4 haikupewa tena marekebisho ya usalama. Miezi mitatu tu. Ofisi iliyokuwa bado inaijaribu kwenye mashine mbili tatu kabla ya kuwagawia wafanyakazi wote iliambiwa kwamba inachokijaribu kimeshakufa. Walipolalamika, Asa Dotzler wa Mozilla aliwajibu hadharani kwamba makampuni hayajawahi kuwa walengwa wa Firefox, na kwa maoni yake hayakupaswa kuwa.

Jibu lilikuwa kavu, ila halikuwa la kinafiki. Kasi nayo haikupungua. Chrome ya Google, iliyozaliwa Septemba 2008, ilikuwa tayari ikitoa toleo kila wiki sita. Firefox ikafika wiki nne mwanzoni mwa 2020, Chrome ikafuata Septemba 2021, na tangu Agosti 2023 Chrome inatoa marekebisho ya usalama kila wiki. Namba zenyewe zilipovuka mia mwaka 2022, wahandisi waliingiwa na hofu ya aina yake: tovuti zilizoandikwa kusoma tarakimu mbili tu zingeiona 100 kuwa 10 na kumfukuza mtumiaji kwa kosa la kuwa na kivinjari cha kale. Ikabidi wafanye majaribio kabla ya siku yenyewe.

Hapa Uganda malalamiko hayasemwi kwa namba. Mfanyabiashara wa Kikuubo hajui kama yuko kwenye toleo la 109 au la 139, wala hana sababu ya kujua. Anachosema ni kwamba jana ilikuwa inafanya kazi, leo haifanyi, na yeye hakugusa kitu. Kauli hiyo utaisikia kwa wapiga chapa wa Nasser Road na kwa mawakala wa mpakani vilevile, na mara nyingi kijana wa IT huipokea kwa tabasamu la dharau. Dharau hiyo haina msingi. Mzee wa watu kweli hakugusa kitu. Aliyegusa yuko California, waliko Google na Mozilla, na aligusa wakati sisi tumelala.

Naiona hasira hii kuwa ya haki, ila imeelekezwa pasipo. Watu wanaulaumu mwendo. (Na tafadhali, asije mtu hapa na haraka haraka haina baraka, tumeshaisikia.) Mimi naulaumu mfuko. Ndani ya sasisho moja la kivinjari mna vitu ambavyo havina undugu: viraka vya usalama ambavyo kila mtu anavihitaji leo hii, vipengele vipya kwa ajili ya watengenezaji wa tovuti, vitufe vilivyohamishwa kwa sababu mbunifu fulani amechoka na sura ya zamani, vitu vilivyoondolewa kabisa, na maamuzi ya kibiashara ambayo mtumiaji hakushirikishwa. Vyote vinafika pamoja, na huna ruhusa ya kuchagua. Ni duka lisilokuuzia sukari mpaka uchukue na sabuni. Mnunuzi anayesusa sabuni anakosa na sukari, na ndivyo watu wengi wanavyojikuta na kivinjari chenye matundu kwa sababu tu hawakutaka kitufe kihame.

Tuanze na sukari, maana wanaodharau masasisho husahau kwa nini yapo. Msimbo wa Chromium, ambao ndio mwili wa Chrome, Edge, Opera na vingine vingi, uko wazi kwa kila mtu kuusoma. Kosa la usalama likirekebishwa, rekebisho linaonekana kwenye msimbo kabla halijafika kwenye simu yako. Mhalifu mwenye ujuzi analisoma, anarudi nyuma kutoka kwenye kiraka hadi kwenye tundu, kisha anawatafuta ambao hawajazibiwa. Google wenyewe wamesema kwamba zamani muda huo wa hatari ulikuwa wastani wa siku 35. Walipoanza kutoa viraka kila wiki mbili ukashuka hadi siku 15 hivi, na lengo la viraka vya kila wiki lilikuwa kuupunguza zaidi. Kwa upande huu sina ugomvi na kasi hata kidogo. Fundi anayezima apdeti zote kwenye kompyuta ya mteja ili asirudiwe na malalamiko amemfanyia mteja ubaya, hata kama mteja amemshukuru na kumlipa. Kompyuta hiyohiyo ndiyo mteja anayofungulia akaunti ya benki.

Sasa tuje kwenye bei. Julai 2018 serikali ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa anayetumia mitandao ya kijamii. Watu wakakimbilia VPN, programu zinazoficha unachofungua mtandaoni, mapato hayakufikia matarajio, na Julai 2021 kodi hiyo ikaondolewa, mahali pake ukaja ushuru wa asilimia 12 juu ya data ya intaneti. Ukiacha data ya huduma za matibabu na elimu, ushuru huo hauulizi data imetumika kwa nini. Makumi ya MB ambazo kivinjari kimezishusha bila kukuuliza umezilipia, na juu yake umeilipia serikali. Mhandisi aliyepanga toleo litoke kila wiki nne alikuwa kwenye mtandao usio na kipimo, na pengine katika maisha yake yote ya kazi hajawahi kuiona MB ikiisha.

Matokeo yake unaweza kuyatazama kwenye simu za watu. Duka la programu la Android kwa kawaida husubiri Wi-Fi ndipo lisasishe. Lakini yuko mtu mwenye simu mwaka wa tatu sasa ambaye hajawahi kuwa na Wi-Fi nyumbani. Anaishi kwa bando la siku. Simu yake inakaa miezi bila kiraka, halafu siku moja anaingia hotelini kwenye harusi, au ofisi fulani inampa nenosiri, na mabadiliko ya miezi minane yanamwangukia kwa mpigo. Akitoka hapo simu ni ya mtu mwingine. Kwenye laptopu mambo ni kinyume. Mtu anawasha hotspot ya simu ili atume barua moja tu, laptopu inaona Wi-Fi, inadhani imefika kwa tajiri, inaanza kuchota. Barua haijatoka, bando limekwisha.

Kuna waliojitahidi. Mwaka 2009 Google walianza kutumia mbinu iitwayo Courgette, iliyotuma tofauti tu kati ya toleo la zamani na jipya badala ya kifurushi kizima, na Firefox nayo ina masasisho madogo ya aina hiyo. Ila faida humwendea zaidi anayefuata toleo kwa toleo. Aliyeruka matoleo kadhaa mara nyingi hushushiwa mzigo mzima. Kwa maneno mengine, asiye na bando ndiye anayelipia bando kubwa zaidi.

Mwaka 2021 ulitupa somo jingine, na ninashangaa halikuzungumzwa zaidi. Siku chache kabla ya uchaguzi wa Januari 14 maduka ya programu yalifungwa pamoja na mitandao ya kijamii, kisha intaneti yenyewe ikazimwa kwa siku kama tano. Mfumo mzima wa masasisho ya haraka umejengwa juu ya dhana kwamba mlango uko wazi saa zote. Mlango ulipofungwa, watu walirushiana mafaili ya VPN na programu nyingine kutoka simu hadi simu bila kujua nani kayatengeneza. Serikali inayotuhimiza tuwe salama mtandaoni ndiyo iliyotufungia bomba la usalama. Miezi miwili baadaye, mwishoni mwa Machi, likaja la kutoka upande wa pili: sasisho bovu la WebView, kile kipande cha Android kinachozionyesha kurasa za wavuti ndani ya programu nyingine, liliangusha programu duniani kote, Gmail ikiwemo. Dawa ilikuwa kuliondoa sasisho lenyewe mpaka jipya lifike. Unaondoaje kitu ambacho hujawahi kusikia kipo?

Nirudi kwenye sabuni, na hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu kuna mfano mmoja unaoniudhi na kunifundisha kwa wakati mmoja. Kwa miaka mingi, kila aliyefundisha watu kujikinga na matapeli wa mtandaoni alisema: tazama kufuli kwenye mstari wa anwani. Mabenki yalisema hivyo, walimu wa kompyuta walisema hivyo, na sisi waandishi tulisema hivyo. Septemba 2023 Chrome 117 ikaja bila kufuli. Mahali pake pakawekwa alama ya vijistari viwili vyenye vifundo, ile inayofanana na ya mipangilio.

Sababu yao ilikuwa nzuri, tena nzuri sana. Kufuli lilimaanisha tu kwamba mawasiliano yamefichwa njiani. Halikumaanisha kwamba mwenye tovuti ni mwaminifu, na matapeli nao walikuwa na makufuli yao. Google walieleza kwamba katika utafiti wao wa 2021 ni asilimia 11 tu ya washiriki walioelewa sawasawa maana ya alama ile. Kwa hiyo tulikuwa tunafundisha kitu ambacho wengi walikielewa vibaya. Naikubali hoja hiyo yote. Nisichokikubali ni namna walivyoileta. Mama mwenye duka la vitenge Mbale, aliyefundishwa na mtoto wake kwamba pasipo na kufuli asiingize namba ya siri, aliamka siku moja akakuta kufuli halipo kwenye tovuti yoyote. Ana njia mbili: aache kabisa kutumia benki mtandaoni, au aseme potelea mbali na kuingiza namba ya siri popote. Utafiti ulipima kama watu wanaielewa alama. Swali la watu hao watafanya nini siku itakapotoweka bila aliyewaeleza lilibaki kuwa letu.

Na kwa wengi wetu kivinjari hakisomwi, kinakaririwa. Chrome inapatikana kwa Kiswahili, lakini simu nyingi zinauzwa zikiwa kwa Kiingereza na zinabaki hivyohivyo mpaka zife. Mtu ambaye Kiingereza si lugha yake anajua kwamba cha kupakulia kiko pale juu kulia, cha tatu kutoka chini. Hajui kinaitwaje. Kitufe kikihama, anayesoma anakitafuta kwa jina lake. Aliyekariri amepoteza kila kitu na anaanza upya kwa kumwita mtoto wa jirani. Uhamisho huohuo wa kitufe, gharama mbili tofauti kabisa, na anayebeba ile kubwa hayumo kwenye chumba cha majaribio.

Lakini tusiwatupie Wamarekani kila kitu. Nilikaa mchana mmoja katika ofisi ya mawakala wa forodha mjini Busia, chumba chenye meza nne na feni isiyozunguka. Kwenye kompyuta ya dada anayejaza fomu kulikuwa na vivinjari viwili. Kimoja kipya, kingine Firefox ya 2017, na njia yake ya mkato imebadilishwa jina kwa herufi kubwa: USIGUSE. Kijana mgeni kazini aliona tangazo la kusasisha, akasogeza mshale.

“Mdogo wangu, hapo toa mkono,” dada alimwambia bila kuinua macho kwenye karatasi. “Ukiapdeti hiyo, malori yanalala hapa.”

“Lakini inasema si salama, dada.”

“Ni kweli si salama. Lakini mfumo unaikubali hiyo tu. Wewe fungulia barua pepe kwenye hiyo nyingine.”

Mfumo waliokuwa wakiutumia ulitegemea Java, programu ya nyongeza iliyopachikwa ndani ya kivinjari. Chrome iliikata njia hiyo kabisa Septemba 2015, na Firefox ikafuata Machi 2017 kwa toleo la 52, baada ya matangazo ya miaka. Flash, nyongeza nyingine ya aina hiyo, nayo ilizikwa tarehe 31 Desemba 2020, na kifo chake kilitangazwa tangu 2017. Hayo hayakuja usiku. Aliyeuweka mfumo ule alikuwa na muda wa kuubadilisha, hakuubadilisha, na badala yake dada wa Busia akageuzwa mlinzi wa makumbusho. Alinieleza, bila kuona ajabu, kwamba kile kivinjari kipya kikizembea huwa anafungulia benki kwenye hicho cha zamani.

Hivi ndivyo mifumo mingi inavyopatikana kwetu, ya umma na ya binafsi. Mkandarasi anashinda zabuni, anajenga, anakabidhi, picha zinapigwa, pesa ya mwisho inalipwa. Kivinjari kinachotoa toleo kila wiki nne kitatoa kumi na tatu kwa mwaka, na katika mkataba hakuna mstari hata mmoja unaosema nani ataujaribu mfumo kila toleo likitoka. Tovuti nyingine zinasoma namba ya kivinjari na kukataa zisichokijua, kosa ambalo wahandisi wamekuwa wakilikemea kwa miongo. Kabla hatujawalaumu Google na Mozilla kwa kubadilika kila mwezi, tuwaulize wanaotununulia mifumo kwa nini wananunua kitu kisichoweza kubadilika hata mara moja kwa mwaka. NITA-U, mamlaka ya taifa ya teknolojia ya habari, ipo tangu sheria ya 2009 iianzishe. Kuitaka kila tovuti ya serikali iwe na bajeti ya matengenezo na ijaribiwe kwenye matoleo yanayokuja, ambayo hutolewa bure kwa majaribio wiki kadhaa kabla, si kazi ya kurusha roketi angani. Tangu Januari 2021 wafanyabiashara waliosajiliwa VAT wanatakiwa kutoa risiti kupitia EFRIS, mfumo wa kielektroniki wa mamlaka ya mapato. Zamani kompyuta ikigoma ulitoa kitabu cha risiti chini ya kaunta. Sasa kivinjari kikigoma, kwa baadhi yao biashara ndiyo imegoma.

Kwa ofisi, dawa ya sehemu ipo tangu Januari 2012. Baada ya kelele za 2011 Mozilla walikubali kutoa Firefox ESR, ambayo kwa takriban mwaka mzima hupokea viraka vya usalama bila kuhamisha samani, halafu ndipo inaruka kwenda toleo kubwa linalofuata. Ni ya bure na haihitaji usajili. Chrome ina njia ya kupokea toleo kubwa kila wiki nane kwa mashine zinazosimamiwa na ofisi. Nimeuliza kwenye ofisi kadhaa Kampala kama wanatumia yoyote kati ya hizo, na wengi hawakujua kama zipo. Walijua njia mbili tu, kuruhusu kila kitu au kuzima kila kitu. Hapo kosa si la California peke yake.

Mtu wa kawaida ndiye aliyeachwa bila dawa, hasa mwenye mashine kuukuu. Kompyuta nyingi za ofisi ndogo hapa zimekuja zikiwa zimeshatumika Ulaya au Uarabuni. Chrome 109 ya Januari 2023 ilikuwa ya mwisho kwa Windows 7. Kwa simu, Chrome 119 ilikuwa ya mwisho kwa Android 7, na 138 ya mwisho kwa Android 8 na 9. Simu inawaka, inapiga, inapokea pesa, lakini kivinjari chake kimeshaachwa njiani.

Hata hivyo kivinjari kinachosasishwa kivyake, bila kuisubiri simu, kinaweza kuiokoa simu. Mwaka 2020 Let's Encrypt, wanaotoa vyeti vya usalama bure kwa mamilioni ya tovuti, walitangaza kwamba cheti cha zamani walichokuwa wakikitegemea kingeisha Septemba 2021, na Android zilizo chini ya 7.1.1, wakati huo kama theluthi moja ya simu zote za Android, hazikukijua cheti kipya. Ushauri wao kwa wenye simu hizo ulikuwa kuweka Firefox, kwa kuwa inabeba orodha yake yenyewe ya vyeti na haitegemei ya simu. Baadaye ikapatikana njia ya kuongeza muda, lakini ushauri ule ulisema mengi. Mtengenezaji wa simu aliisahau simu yake. Kivinjari kilichotengana nayo kikabaki kinaihudumia.

Kwa hiyo wanaposema kwamba kutenganisha viraka na mapambo hakuwezekani, kwamba kuhudumia matawi mawili ni kazi mno, ninawaonyesha Firefox 115. Ilitoka Julai 2023, ndiyo ya mwisho inayokubali Windows 7, 8 na 8.1, na ilipangiwa kuachwa kama ESR nyingine yoyote. Mozilla wakaongeza muda wake, kisha wakauongeza tena, wakiipa viraka vya usalama tu kwenye mifumo ambayo Microsoft wenyewe walishaitelekeza. Vitufe vimekaa pale vilipokuwa. Google, wenye fedha ambazo Mozilla hawawezi kuziota, walishafunga mlango huo kwa Chrome 110, Februari 2023.